Kiapo cha Mtemi Aliyekimbia

Hadithi inabisha hodi.
— Ifungulieni, iingie.
Imetembea sana, imechoka.
— Na ikae, tuisikilize.

Basi, hapo kale palikuwa na nchi ya Ilolo, yenye vilima na chemchemi isiyokauka. Ilitawaliwa na mtemi mgeni, mtu wa mbali. Watu wakachoka. Wakapigana, wakashindwa. Wakapigana, wakashindwa. Wakapigana tena, mtemi mgeni akakimbia. Walipopata uhuru wao wakamtawaza mama mmoja, Nkwimba.

Sasa sikilizeni vizuri. Yule mtemi mgeni alikuwa ameapiana na majirani wa Igunda. Ng'ombe wa Igunda wanywe Ilolo wakati wa kiangazi. Igunda nao wasivuke kilima cha mpaka na mikuki. Na kila mwaka, Ilolo itoe vijana wakalime Igunda. Miongoni mwa waliotolewa alikuwamo Minza, binti wa Nkwimba, mtoto wake wa pekee.

Kiangazi kikafika. Malongo, mjumbe wa Igunda, akaja na ng'ombe waliokonda, mbavu nje.

"Mtemi," akasema, "nimeleta ng'ombe wanywe. Tena nimekuja kuchukua vijana. Ndivyo tulivyoapiana."

Watu wa Ilolo wakadakia. "Mliapiana na nani? Aliyeapa amekimbia. Mfuateni huko aliko."

Nkwimba alitamani kusema vivyo hivyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Malongo hakukasirika. "Haya. Kama kiapo cha maji kimekufa, basi na cha mpaka kimekufa. Maana sisi nasi hatukuapa na ninyi." Akageuka, akakitazama kilima.

Uwanja mzima ukakitazama nao. Mnaona, jamani, walipofika?

Nkwimba akalimeza lile neno. Akasema polepole, "Malongo, maji yalikuwapo kabla ya yule mtemi, na bado yapo. Ng'ombe wenu watakunywa. Kilima hakijahama, mpaka ni ule ule. Lakini watu si maji, wala si kilima. Aliyewatoa watoto wetu hakuwazaa, na sisi hatukumtuma. Kiapo hicho ameondoka nacho. Turudishieni watoto."

"Na tusipowarudisha?"

"Ng'ombe watakunywa. Ng'ombe hawakuchukua mtoto wa mtu. Watoto nitawafuata mwenyewe."

Ng'ombe wakanywa. Watu wa Ilolo wakawatazama kwa uchungu, wengine wakatema mate chini. Malongo akawaswaga ng'ombe wake, akaondoka.

Siku zikapita. Asubuhi moja vumbi likaonekana kilimani. Vijana walikuwa wanarudi. Akina mama wakakimbia kuwapokea. Nkwimba akatazama uso wa mbele, akatazama nyuso za katikati, akatazama uso wa mwisho. Minza hayumo.

Malongo alikuja nyuma yao na ng'ombe wake, macho chini. "Mama, binti yako tulimzika wakati wa mvua. Homa. Siku ile nilishindwa kukuambia."

Nkwimba akakaa chini, pale pale vumbini. Akakaa sana.

Shija, kaka yake, akamwinamia. "Dada, sema neno moja tu. Tuizibe chemchemi."

Nkwimba akainuka, akaelekea chemchemini. Watu wakamfuata na majembe, wakidhani anakwenda kuiziba. Akateka maji kwa kibuyu, akanywa kidogo, kisha akampa Malongo.

"Kile kiapo aliapa mtu mwingine," akasema. "Hiki naapa mimi, kwa kinywa changu. Kiangazi, maji haya mtakunywa. Mpaka tutauheshimu sote. Mtu hatatolewa tena, si kwenu, si kwetu."

Malongo akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akanywa. "Naapa," akasema.

Majembe yakashushwa, moja moja. Ng'ombe wakapishwa njia.

"Sasa nipeleke," Nkwimba akasema, "nikaone mwanangu alipolala."

Wakapanda kilima pamoja, mama mbele, mjumbe nyuma.

Nami nimeishia hapo.
— Tumekusikia.
Aliyekuwa macho aende nayo. Aliyesinzia atasimuliwa na jirani.