Kokoto la Mama Nyamizi

Nimebeba mzigo.

— Utue tuuone.

Hauna kamba, hauna kifuniko.

— Tutaukinga kwa masikio.

Na ukimwagika?

— Tutauzoa.

Basi sogeeni. Wa nyuma wasikie, wa mbele wasisinzie.

Hapo kale, kwenye jabali lenye ufa katikati, aliishi pimbi mmoja na mwanawe wa pekee. Mtoto aliitwa Nyamizi, kwa hiyo mama akaitwa Mama Nyamizi, na jina hilo lilitajwa mara nyingi kuliko mtoto mwenyewe alivyowahi kusema neno. Si kwamba alikuwa bubu. Alipokuwa peke yake ufani alizungumza na mchwa, tena kwa kirefu. Ila mbele za watu hakuwa na sauti.

Bi Kanga, jirani wa chini ya jabali, alipita siku moja akamwuliza mtoto jina lake. Nyamizi akafumbua mdomo. Mama akajibu. Akamwuliza amekula nini. Nyamizi akafumbua mdomo. Mama akajibu kwamba amekula majani ya mkole, mawili, na la tatu kaacha nusu. Akamwuliza kama mguu aliojikwaa juzi umepona. Safari hii Nyamizi hakufumbua mdomo, maana alishaona hakuna haja. Mama akajibu, na mguu akauonyesha.

"Huyu mtoto wako ana mdomo wa mapambo," Bi Kanga alisema.

"Ni mpole tu, shoga yangu. Amemfuata baba yake."

Jabalini hayo hayakumdhuru mtu. Hatari ilikuwa kwenye chemchemi.

Mwaka huo maji yalikuwa yamekauka kila mahali isipokuwa kwenye chemchemi moja chini ya jabali, na chemchemi hiyo ilikuwa ya Chui. Hakuichimba. Zamani ilikuwa ya Ngiri. Chui alikuja siku moja kama mgeni, akakaa, akaanza kumsalimia Ngiri, salamu moja baada ya nyingine. Ngiri alikuwa ametoka kuchimba mizizi na koo limemkauka. Katikati ya salamu akainama, akanywa, chap chap chap. Chui akainuka taratibu. Akasema anayekata salamu hastahili kukaa penye maji, akawageukia Nyati waliokuwa hapo na kuwauliza kama si kweli. Nyati ni watu wa heshima, tena ni wengi, tena wana pembe. Wakafikiri. Wakasema ni kweli. Ngiri akahama siku hiyo hiyo, mbio, mkia juu.

Tangu hapo ikawa sheria. Anayekuja kunywa husalimia kwanza. Mgeni huuliza, mwenyeji hujibu. Anayefunga salamu ni mgeni, kwa kusema, "Haya, tumejuliana hali." Kabla ya neno hilo hakuna anayegusa maji wala chakula, awe mgeni, awe mwenyeji. Chui aliipenda sana sheria hii, kwa sababu wageni huja na kiu, na mwenye kiu husahau. Aliyesahau kumwulizia shangazi wa Chui alirudishwa mwanzo. Aliyesahau kuulizia kidonda cha ukucha alirudishwa mwanzo. Wengine walirudishwa mwanzo mpaka jua likasimama utosini.

Watoto walikuwa na lao. Mtoto akishaota meno, sharti aje asalimie kwa kinywa chake mwenyewe. Akishindwa, au mama yake akimjibia, basi huyo hana malezi, na Chui humchukua kwake akamlee. Wiki iliyotangulia alimchukua mtoto wa Digidigi. Mama Digidigi alipokwenda kumwona mwanawe, aliambiwa amelala. Alipokwenda mara ya pili aliambiwa bado amelala, na Chui alikuwa anachokonoa meno.

Ndipo Nyamizi akapiga mwayo juu ya jabali, mchana kweupe, na Chui akayaona meno yake kutoka chini. Akatuma salamu kwamba siku ya nane anamsubiri mjukuu wake.

Mama Nyamizi hakula siku hiyo. Alikaa akahesabu salamu zote zinazodaiwa pale, akapata kumi na tisa, akaanza kumkaririsha mtoto. Sema shikamoo. Shikamoo. Sema habari za kuamka. Habari za kuamka. Sema habari za shangazi. Habari za shangazi. Siku tatu walikariri, na jioni ya siku ya tatu Nyamizi alizitoa zote kumi na tisa bila kukosea, macho ameyafumba. Bi Kanga akaitwa kumpima. Yeye, kwa kusahau tu, alijibu salamu ya nne, kisha akamwuliza mtoto kitu ambacho hakikuwamo: na wewe umeamkaje? Nyamizi akakwama. Kabla hajavuta pumzi, mama alikuwa ameshajibu.

"Hivyo hivyo ukifanya kule," Bi Kanga alisema, "wewe na Mama Digidigi mtakuwa wawili wa kuambiwa mtoto amelala."

Siku ya nne Mama Nyamizi alikuwa anakula maua ya mgunga huku akimweleza mtoto salamu ya kumi na tatu, nyuki akamchoma mdomo wa juu. Mdomo ukavimba, ukajaa, ukamziba. Akawa na neno moja tu, mmh. Bi Kanga alipopita akashangaa, akamwuliza mtoto mama yake ana nini.

Mama akasema mmh. Nyamizi akanyamaza. Mama akasema mmh, mmh. Nyamizi akamtazama, akaona kweli hakuna anayekuja kumwokoa. Mjusi akavuka jabali kutoka kivuli hadi kivuli.

"Kachomwa na nyuki," Nyamizi alisema.

"Nyuki wa wapi?"

"Wa kwenye mgunga. Alikuwa ndani ya ua. Mama hakumwona, mimi nilimwona."

"Sasa mbona hukumwambia mwenzio?"

"Alikuwa anaongea."

Maneno hayo yalimwuma Mama Nyamizi kuliko nyuki. Asubuhi ya siku ya tano uvimbe ulikuwa umeisha, lakini hakusema. Alishuka chini ya jabali akachagua kokoto moja laini, ukubwa wa tunda la mkole, akalitia kinywani. Kila ulimi ulipoinuka kumjibia mtoto, uligonga kokoto, ko, naye akakumbuka. Akawa anamwuliza swali moja, kisha analihamisha kokoto toka shavu la kulia kwenda la kushoto, na kulirudisha, na kungoja. Mwanzoni alilihamisha mara saba kabla ya kupata jibu. Baadaye mara tatu. Siku ya sita, kabla hajauliza lolote, aliulizwa yeye.

"Mama, salamu zinaisha lini?"

Akamwambia zinaisha mgeni akizifunga.

"Na mgeni akiwa bado anataka kujua?"

Mama Nyamizi akalihamisha kokoto taratibu sana. Alisema basi, zinaendelea. Wakatazamana. Akamwambia mtoto azisahau zile kumi na tisa zote isipokuwa ya kwanza na ya mwisho, na ya mwisho asiiseme. Katikati amsikilize mzee Chui anavyojibu, kisha amwulize analotaka kulijua kwelikweli. Siku ya saba hawakufanya chochote ila kumchungulia Chui kutoka juu: anawinda saa ngapi, nyama anaitundika wapi, anakula nini mwisho. Ilionekana ini hulitunza, hulala nalo tawini na kulila asubuhi, akishamaliza salamu za kwanza.

Siku ya nane, alfajiri, mama na mwana walilamba umande wa jabali ufa kwa ufa, wasiwe na kiu. Wakawa wa kwanza kufika. Chui alikuwa kwenye jiwe lake, hajala. Juu ya mkuyu, tawi la tatu, lilikuwapo ini la swala. Nyuma ya pimbi walijipanga Nyati, na Bi Kanga, na Mama Digidigi ambaye siku hizi alikuja bila kunywa.

Chui alimtazama mtoto, akangoja. Nyamizi akafumbua mdomo. Hakikutoka kitu. Ulimi wa mama ukainuka, ko. Nyamizi akaufumba mdomo. Ulimi ukainuka tena, ko. Mama Nyamizi aliona jicho la Chui limeacha kumtazama mtoto, linamtazama yeye, linangoja hilo neno lake moja. Akauma kokoto mpaka jino likatoa cheche.

"Naona mjukuu wangu anakuja nyumbani," Chui alisema.

"Ngoja kwanza," alisema Nyati mkubwa. "Sijamsikia akishindwa."

Mjusi akavuka jiwe kutoka kivuli hadi kivuli.

"Shikamoo, babu," Nyamizi alisema.

"Marahaba."

Akamwulizia kuamka, akaambiwa kwema. Akamwulizia kidonda cha ukucha, akaambiwa kinapona. Akamwuliza ukucha upi, wa mbele au wa nyuma. Chui akasema wa mbele. Akamwuliza wa kulia au wa kushoto, na Chui akalazimika kuangalia. Inzi walikuwa wameanza kulizunguka ini, ziii. Nyamizi akamwulizia shangazi.

"Mzima," alisema Chui.

Nyamizi akasema anashukuru, kwa maana juzi alisikia Mama Digidigi akiambiwa shangazi ana homa. Imepona kwa dawa gani? Chui akasema mwarobaini. Ni nani aliyeuchemsha? Chui, jicho likiwa juu ya mkuyu, akasema ni mume wa shangazi.

"Lakini wanasema siku ile ulimwambia Ngiri kwamba mume wa shangazi alishakufa."

Nyati waliacha kutafuna. Chui akasema ndiyo, alikufa, alikufa baada ya kuchemsha.

"Pole, babu," Nyamizi alisema, kwa sababu ndiyo adabu. "Alikuwa anaumwa nini?"

Jua likapanda. Chui alikuwa anajibu kwa meno yaliyobanana, na tumbo lake lilikuwa linajibu pia, guruguru, guruguru, mpaka Bi Kanga akageuka pembeni kuficha kicheko. Mara tatu Chui alisema, "Haya, basi," na mara tatu Nyati mkubwa alimkumbusha kwamba anayefunga ni mgeni. Ziii, wakasema inzi.

"Na mtoto wa Digidigi unayemlea, hajambo?"

Bi Kanga aliacha kucheka. Mama Nyamizi alisahau kulihamisha kokoto. Swali hilo hawakulipanga. Siku zote saba hakuna aliyelitaja.

"Amelala," Chui alisema.

"Tangu umchukue ameamka mara ngapi?"

Chui akautazama ukucha wake. Alikuwa anatafuta jibu, na kila aliyekuwa pale alimwona akilitafuta. Nyamizi akamngoja, kama yeye alivyongojwa. Jibu lilipokawia, akainua kichwa kuelekea mkuyu.

"Na ini lako lile, babu, halijambo? Nauliza kwa sababu Mwewe amelishika."

Chui akaruka. Hrap, kucha zikashika gome, vuup, mabawa yakapita. Mwewe akaenda na ini. Chui akabaki tawini, mdomo wazi, hana kitu ndani yake.

Chini hakuna aliyekuwa amesema tumejuliana hali.

"Umekata salamu," alisema Nyati mkubwa.

"Umekata salamu," alisema wa pili. "Umekata salamu," alisema wa tatu, na neno likaenda hivyo hivyo hadi nyuma ya foleni.

Chui akadai kwamba sheria ile ni ya wageni. Nyati wakafikiri. Wakasema hapana, yeye mwenyewe alitamka awe mgeni, awe mwenyeji, wanamkumbuka hata alipokuwa amesimama. Wakainamisha pembe. Chui akashuka upande wa pili wa mkuyu, akahama siku hiyo hiyo, mkia chini. Mama Digidigi hakunywa. Alikwenda moja kwa moja kwenye pango la Chui, akarudi jioni peke yake, na tangu siku hiyo watu wa jabalini walimwita kwa jina la mwanawe, sauti wazi, kila walipokutana naye.

Wengine walikunywa bila kuulizana habari za shangazi wa mtu. Njiani kurudi, Bi Kanga alitaka asimuliwe upya tangu kule kwenye umande. Mama Nyamizi akafumbua mdomo. Nyamizi akajibu.

Mpaka leo bado anajibu. Ukipita penye majabali ukamwona pimbi mkubwa amekaa juani, anatafunatafuna na kinywani hana jani, usidhani anakula. Ni kokoto lile. Ana la kusema, anangoja mwanawe amalize.

Funzo la ngano hii liko wazi. Mtoto asiwaulize wakubwa maswali. Na wewe mama, mjibie mwanao kila anachoulizwa, jina lake, alichokula na mguu uliomwuma, usimwachie hata pumzi moja. Ukimwacha aseme mtampoteza mzee mwenye adabu zake, aliyekuwa radhi kuwalelea watoto bila kuwadai chochote.

Mzigo nimeutua.

— Tumeuzoa.

Chini kumebaki nini?

— Kokoto.

Aliye karibu aliokote, akae nalo. Nyumbani kwake kuna anayetaka kusema.