Kisa cha Kuazima

Wahenga hawakuona haya walipotaka kusema kweli. Walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Maana yake ni kwamba kitu cha mwenzio, hata kikupendeze vipi, kitakuumbua siku unapokitegemea zaidi. Asiyeamini na amuulize Rebwar.

Rebwar alikuwa Mkurdi, mtu wa maneno machache na masharubu mengi. Kosa lake kwao lilikuwa kuwafundisha watoto lugha yao iliyopigwa marufuku, na kuandika makala za kudai haki hiyo. Alifungwa miezi saba. Aliposikia anatafutwa tena, akatoroka. Miaka mitatu alioka mikate Nairobi, ndiko alikojifunzia Kiswahili, kisha akaangukia Johannesburg, katika chumba cha uani mtaa wa Bertrams, ukuta kwa ukuta na Lambert, fundi cherehani kutoka Bukavu.

Siku alipopeleka ombi la hifadhi aliacha bahasha ya vielelezo, iliyokuwa na barua ya mama yake pamoja na tafsiri. Kisha akangoja miaka miwili, akihuisha kibali cha muda kila kilipokwisha. Akinyimwa hifadhi angerudishwa, na kurudishwa kwao kulikuwa jela, kama si kaburi.

Hatimaye akaitwa kuhojiwa. Jumapili iliyotangulia, Lambert alisimamisha cherehani akamgeukia.

"Kaka Rebwar, utawaambia nini kule?"

"Ukweli. Nilifundisha, nikafungwa."

"Basi? Eish! Ile histoire yako, ile hadithi, iko ndogo sana, ndugu. Kufundisha a-be-che? Watakucheka! Beba yangu. Waasi walikuja, wakachoma nyumba, mama akafia ndani. Ilinipatia karatasi mimi, itakupatia na wewe."

"Mama yangu yuko hai, Lambert."

"Kwani atasikia? Nitakupunguzia mikono tu, ikutoshe."

Tusimlaumu bure fundi wa watu. Kwake kisa kile kilikuwa kweli tupu, na kumpa mtu msiba wako si jambo dogo. Lakini hofu ni mshauri mbaya jamani! Rebwar, aliyewahi kukataa kusema uongo mbele ya askari wenye marungu, alikikariri kisa cha jirani kama mtoto wa darasa la pili. Hata ile bahasha hakuikumbuka.

Afisa aliyemhoji alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani. Alisikiliza habari za moto bila kumkatiza.

"Pole sana. Mama alifariki lini?"

"Miaka sita iliyopita, kabla sijatoroka."

Afisa akafungua faili, akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja.

"Basi huyu aliyeniandikia miaka miwili iliyopita, akisema mwanawe alifungwa kwa sababu ya kufundisha, ni nani?"

Rebwar akaanza upya: watoto, makala, jela, miezi saba. Alisema kweli yote mpaka sauti ikamkauka.

"Nimwamini yupi?" afisa aliuliza, naye akionekana kuumia. "Wewe wa saa tatu au wewe wa saa nne?"

Jibu lilikuja baada ya wiki tano: ombi limekataliwa, mwombaji haaminiki. Rufaa ilikuwapo, lakini kila wakili aliyelisoma faili alishusha pumzi na kulirudisha. Lambert alilia kuliko mwenyewe. "Nilikupa ile ilinisaidia mimi," alisema, tena na tena.

Jumapili mama alipiga simu, kama kawaida yake.

"Mwanangu, barua yangu ilisaidia?"

Rebwar alitazama begi lake lililokwisha kufungwa. Angemwambiaje kwamba alimzika kwa kinywa chake, na kwamba barua ile ndiyo peke yake iliyokuwa imemtetea?

"Waliisoma, mama," akajibu. "Waliisoma yote."

Mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Kweli ndogo ya Rebwar ilimtosha tangu mwanzo, naye akaivua kwa mikono yake. Ama kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako.