Kwa Nini Mlinzi wa Ikulu Huipa Nyumba Mgongo

Zamani hizo, ikulu ilipokuwa bado nyumba ya udongo na nyasi, iliyojengwa kwa mikono ya wote, mlinzi wake hakuwatazama watu. Aliketi langoni akiwapa mgongo, macho kwa mtemi. Ndani ya ua lilikuwamo ghala la mtama wa njaa, jasho la nchi nzima, na watu walimweka mlinzi ili mtemi akilifungua bila ruhusa, yeye apige baragumu nchi isikie.

Mlinzi wa wakati huo aliitwa Lugembe. Alimcha Mungu, tena hakuwa mwizi, ila alipenda sifa. Na sifa, ndugu zangu, hupenya hata pale hongo inaposhindwa.

Mtemi Shigela alilijua hilo. Asubuhi moja akamwendea.

"Mzee wangu Lugembe, mtu mzima umeikodolea nyumba macho kama mjusi? Geuza kigoda, watu wakuone uso. Wewe ni mkubwa hapa."

Lugembe akacheka. "Na ghala, Mtemi?"

"Kwani lina miguu?"

Akageuka. Moyo ulimsuta, akaunyamazisha. Wapita njia wakaanza kumwinamia, "Shikamoo, mzee wa ikulu!" naye akanenepa kwa salamu. Nyuma yake alisikia mtama ukimiminwa, akajiambia ni panya.

Mvua zikakosa. Dada yake, Nkwimba, akaja na mtoto mgongoni na kapu mkononi.

"Kaka, siku ya ghala imefika."

Ndipo Lugembe alipogeuza shingo. Mlango wa ghala ulikuwa wazi, na kuku wa mtemi walidonoa punje za mwisho. Akashika baragumu. Lakini kulipiga ni kuitangazia nchi kwamba aligeuka. Aibu ikaishinda hofu ya Mungu.

"Rudi nyumbani, dada. Mtemi amepumzika."

"Kaka, huyu ni mpwa wako."

Akaukingamisha mkuki wake njiani. "Nimesema rudi."

Nkwimba akamtazama sana. "Kumbe una uso, Lugembe. Ulipokuwa ukitulindia ghala, tuliujua mgongo wako tu."

Mtoto yule hakuiona mvua iliyofuata. Lugembe alizeekea palepale kigodani, akisalimiwa na kila mtu isipokuwa dada yake.

Na tangu siku hiyo, nyasi zikawa bati, udongo ukawa mawe, wakubwa wakaingia na kutoka. Lakini mlinzi wa ikulu huipa nyumba mgongo, na silaha yake huwaelekea wenye njaa. Baragumu nalo lipo bado. Hupigwa mkubwa anapopita, ili sisi tupishe njia.