Lango la Zimwi Mpole

Hadithi njoo, na masikio yenu yaje na mashaka! Chausiku, msichana mwenye digrii na njaa, aliajiriwa na zimwi shambani. Akapewa jembe siku ileile.

"Jembe si siku ya tatu?" akauliza.

"Hiyo ni ya wageni, my dear. Wewe ni mwanangu. Hapa sisi ni familia."

Mh! Familia ya fasta hivyo?

Mara habari ikaja: mama yake Chausiku kafariki. Akaomba kwenda kuzika.

"Baada ya palizi, mwanangu."

Akaomba tena.

"Baada ya mavuno, mwanangu."

Kwani maiti husubiri mavuno? Akaomba mara ya tatu.

"Mama yako ni mimi!" zimwi likacheka.

Chausiku akalikimbilia lango. Halikuwa na kufuli, ila uchawi: halikumfungukia yeyote aliyekubali kuitwa mwana.

"Mimi si mwanao!" akapaza sauti. "Anayenyimwa kumzika mama yake ni mtumwa. Mimi ni mtumwa wako!"

Lango likafunguka kwa kishindo. Akawageukia vibarua wenzake waliokuwa wakipalilia. "Twendeni, watumwa wenzangu!"

Wakamrushia madongo. "Shika adabu yako! Sisi ni watoto wa nyumbani."

Lango likajifunga. Chausiku akawahi mazishi. Wenzake wakarudi kupalilia.

Hadithi naiacha hapo. Bosi akikuita mwanangu, mwombe ruhusa ya msiba.