Mbeleko ya Bi Sikudhani

Wewe unayejiita mkweli, hebu nijibu: ni lini mara ya mwisho ulitaja kosa lako kabla ya mtu kuligundua? Basi, usijibu. Utadanganya, nami nitajifanya nimeamini, na hadithi itachelewa.

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kubishana na fisi, zamani ya juzi tu, simu zipo na umeme unakatika kama sasa, palikuwa na marafiki wanne mjini Muheza. Mmoja akafa. Jina lake Sikudhani. Wakabaki watatu, na mtu akishakufa, unajua mambo yanavyokuwa: kila aliyewahi kumwazima chumvi anakuwa ndiye rafiki yake mkubwa.

Mwantumu alisema, "Rafiki yake mkubwa mimi. Wanangu sita na Tunu wake wamekula sinia moja."

Kibibi alisema, "Rafiki yake mkubwa mimi. Miezi minne ya ugonjwa, nani alikuwa akimwogesha?"

Siwema hakusema. Alikuwa fundi cherehani, amezoea kubana pini mdomoni wakati wengine wanazungumza. Lakini moyoni alijua kuwa ni yeye. Yeye na Sikudhani walianza darasa la kwanza siku moja, wakachapwa pamoja, wakaolewa mwaka mmoja. Sikudhani akazaa. Siwema hakuzaa. Na katika miaka yote hiyo Sikudhani hakumuuliza hata siku moja kwa nini. Mji mzima uliuliza. Yeye hakuuliza.

Tunu, mtoto pekee wa marehemu, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa mwalimu huko Makete, mahali ambapo asubuhi watu hutoa moshi mdomoni bila kuvuta sigara, na ilibidi amfuate. Sasa, mwanamke akijifungua mimba ya kwanza, mama yake ndiye anayempokea mtoto. Ndiye anayemkanda mzazi kwa maji ya moto, ndiye anayemfunga tumbo, ndiye anayekaa naye siku arobaini akimwamuru kula uji asioutaka. Mama hayupo. Basi Tunu akasema atakwenda na mmoja wa marafiki wa mama yake. Mmoja tu, kwa sababu nyumba ya mwalimu ina vyumba viwili na kimoja kimejaa mahindi.

Wote watatu walitaka kwenda.

Mwantumu alisema, "Nimezaa sita. Mimi leba naijua kuliko jiko langu."

Kibibi alisema, "Mimi nimeuguza. Nina mkono mwepesi, hata marehemu alisema."

Siwema akatoa pini mdomoni. "Mimi sijawahi kupokea mtoto," akasema, akairudisha pini. Wenzake wakatazamana. Hawakujua kama hiyo ilikuwa hoja au alikuwa anajitoa.

Tunu akawaambia watasikia kabla ya safari. Siku moja kabla ya safari alikuja asubuhi barazani kwa Siwema na bunda la kanga za mama yake, kumi na tisa, akaliweka mkekani mbele yao.

"Mama zangu, nishonieni mfarishi. Viraka juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini. Huko ni baridi, nataka nilale nimefunikwa na mama."

Mwantumu akaanza kulia. Mwantumu alikuwa hodari wa kulia.

"Ila hii msiikate," Tunu akasema, akichomoa kanga moja iliyofifia, ya bluu iliyokuwa inaelekea kijivu. "Hii ndiyo mbeleko aliyonibebea. Ipigeni pasi tu pamoja na nyingine. Na mimi mwanangu nitambeba nayo. Nimeifunga fundo pembeni, muitambue."

"Tumesikia, mwanangu," wakasema wote watatu kwa sauti moja. Hilo likumbukeni. Wote watatu walisikia.

"Mimi naenda kliniki, halafu stendi, halafu kuwaaga wakwe. Nikirudi jioni nitawaambia naondoka na nani."

Akaondoka. Wakagawana kazi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo Mwantumu akatia makaa kwenye pasi, na kwa kuwa hakuweza kukaa mahali pasipo na chakula, akateleka na pilau uani. Siwema akachukua mkasi, na kipande cha boksi alichokikata mraba kiwe kipimo. Kibibi, mwenye macho mazuri, akapewa kazi ya kupiga bandi, yaani kuviunganisha viraka kwa mkono, mishono mirefu, kabla ya kupelekwa kwenye cherehani.

Ilikuwa siku nzuri, niseme kweli. Tangu mazishi walikuwa wakimtaja Sikudhani kama malaika, na malaika hana mazungumzo. Kanga zilimrudisha.

"Hii je!" Kibibi akapiga kelele, ameinua nyekundu. "Si ndiyo aliyovaa siku aliyomsuta mke wa fundi baiskeli?"

"Akamsuta mtu wa watu, na kosa lilikuwa lake mwenyewe," akasema Mwantumu.

"Ndiyo maana alisuta vizuri. Mwenye haki hushikwa na kigugumizi."

"Na hii ya njano ni yangu! Wallahi ni yangu! Aliiazima harusi ya Mwanaidi."

"Shoga, kaidai kaburini."

Wakacheka mpaka Mwantumu akashika mbavu. Siwema naye akacheka, pini zikamdondoka. Kwa mara ya kwanza tangu afiwe alihisi kuwa rafiki yake ametoka kidogo tu, kaenda dukani.

Mwantumu akaifikia ile ya bluu. Pasi haipiti juu ya fundo, na Mwantumu alikuwa mtu asiyeweza kuacha kunyanzi. Akalifungua fundo. Akainyoosha kanga vizuri, mara mbili, akaikunja. Alitaka kulifunga tena. Mkono ulikuwa tayari umeshika pembe. Lakini wali ukatoa harufu ya kushika chini, akasema "Yarabi, pilau!", akaiweka kanga pale kwenye kiti, juu ya zile zilizopigwa pasi, akakimbilia uani.

Siwema hakuona. Alikuwa anakata. Fundi mwenye haraka hakati kanga moja moja, anazipanga tatu tatu na mkasi unapita mara moja. Akavuta tatu, akaweka kipimo, akaingiza mkasi. Kitambaa cha juu kilisogea. Akainua ili akiweke sawa, na chini yake akaiona ile bluu iliyokuwa inaelekea kijivu, na pembeni mwake kunyanzi dogo gumu ambalo hata pasi ya Mwantumu ilishindwa kulimaliza.

Mkasi ulikuwa umeingia urefu wa kiganja kimoja. Kiganja kimoja tu, pembeni, karibu na pindo. Mkato kama huo Siwema angeuziba kwa dakika tano, na mtoto angebebwa, akakua, akaoa, bila mtu kujua palipozibwa.

Lakini Tunu angejua. Angeuliza, "Nani?" Na jioni hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ya kuchagua. Nani anamchukua mtu wa kupokea mtoto ambaye ameshindwa kuangalia kitambaa?

Uani Mwantumu alikuwa anakwangua sufuria. Kibibi alikuwa anatunga uzi, jicho moja kalifumba. Hakuna aliyemtazama Siwema. Akafikiri: kikiwa na mkato, ni mbeleko iliyokatwa. Kikiwa viraka, ni viraka kama vingine.

Akaendelea kukata.

Ile ya bluu ikatoa viraka vinane. Akavichanganya na vingine, akavisukuma kwa Kibibi. Kibibi akapiga bandi cha kwanza, cha pili, na kwa kile kilichofuata sindano ikasimama. Kibibi ndiye aliyekuwa akimvisha Sikudhani miezi minne. Alikijua kila kitambaa chake kama anavyojua vidole vyake. Akakisogeza kiraka mwangani. Akakipitisha kidole pale kilipochakaa, mahali ambapo kanga hukazwa kifuani mtoto akiwa mgongoni. Akainua macho kumtazama Siwema.

Siwema alikuwa anatia mafuta kwenye cherehani. Cherehani ilikuwa haihitaji mafuta.

Kibibi akashusha macho, akashona. Na mpaka pilau ilipoliwa, yenye ukoko mwingi, hakukuwa tena na mzaha wowote barazani, ila Mwantumu peke yake akizungumza na kujijibu.

Alasiri ilipokwisha, mfarishi ulikuwa umekamilika. Tunu akarudi, miguu imevimba, akauona umetandazwa mkekani, akapiga magoti kwa shida akaunusa. "Jamani," akasema. "Jamani, mama zangu." Akawabusu mikono mmoja mmoja.

Halafu akasema, "Na mbeleko iko wapi?"

Mwantumu akatazama kwenye kiti. Akatazama chini ya kiti. Akainua bunda la mabaki, akalikung'uta, rangi ikamtoka usoni. Tunu aliona anavyotafuta, akageuka taratibu kwenye mfarishi, akaanza kupitisha kiganja juu ya viraka kama mtu anayesoma gizani. Kiganja kikasimama kwenye kimoja. Kikahama. Kikasimama tena.

"Vinane," akasema.

Hakulia. Afadhali angelia.

"Fundo," Mwantumu akasema, "fundo nililifungua mimi. Pasi haipiti, mwanangu! Nilikuwa nataka kulifunga tena, pilau ikaungua. Lakini kufungua fundo si kukata. Mimi sina mkasi!"

"Huna mkasi lakini ulikuwa na mdomo," akasema Kibibi. "Siku nzima umezungumza, hukupata nafasi ya kusema 'nimefungua fundo'?"

"Na wewe mwenye macho mazuri? Umevishona vyote vinane kwa mkono wako! Hukuviona?"

Kibibi akachomeka sindano kwenye kanga yake. "Niliviona," akasema. "Lakini vilikuwa vimeshakatwa. Ningesema nini? Nisingeviunga kwa kusema. Nikaona nisiwaharibie siku."

"Hukutaka kutuharibia siku!" Mwantumu akacheka kicheko kibaya. "Ulikuwa unangoja jioni, bibi. Ulikuwa unangoja mwenzio aumbuke ili wewe upande basi. Nakujua tangu una meno ya utoto."

"Na wewe ulikuwa unangoja nini? Ukoko?"

"Basi, mama zangu," Tunu akasema. "Basi!"

Tunu akainuka, ameshika kiuno, akawatazama. Mwantumu alikuwa anamnyooshea Kibibi kidole. Kibibi alikuwa anamnyooshea Mwantumu. Siwema peke yake alikuwa amekaa mkekani, mikono mapajani, hajamnyooshea mtu yeyote kidole, na machozi yanamtiririka bila sauti.

"Mama Siwema," Tunu akasema kwa upole. "Usilie. Fundo lilifunguliwa, wewe ungejuaje? Umekata kitambaa kilichowekwa mbele yako. Ni bahati mbaya." Akashusha pumzi. "Hawa wanagombana nani ana kosa. Wewe ndiye uliyeshika mkasi, na hujamsingizia hata mmoja. Mama angekuwepo angesema hivi hivi. Nakwenda na wewe. Wewe ndiye utakayempokea mwanangu."

Kibibi akamtazama Siwema, ule mtazamo wa mchana, akangoja.

Siwema akaona yote: basi la asubuhi, chumba kilichojaa mahindi, maji yanachemka, na mikono yake hii ambayo haijawahi kushika kitu kilichozaliwa dakika hiyo hiyo, imeshika. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Hata uongo usingehitajika. Uongo Tunu alikuwa ameshamsemea.

"Haikuwa bahati mbaya," akasema.

"Mama Siwema, usijisumbue..."

"Nisikilize, Tunu. Mkasi ulipoingia sikujua. Hilo ni kweli. Ulipofika kiganja kimoja nikaiona. Nikaitambua. Ningeweza kuacha, ningeiziba, ungembebea mtoto. Nikaogopa utaniuliza, na ukiniuliza hutanichukua. Nikakata iliyobaki. Vinane vyote nilivikata najua."

Haya, nyie mliokaa. Mmoja alifungua fundo na kusahau, akakiri baada ya kuulizwa. Mmoja aliona akafumba mdomo, na mkono wake hauna doa. Mmoja alikata kwa makusudi, kisha akasema wakati hakuna aliyemuuliza na amekwisha kupewa alichokitaka. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na mimba haingoji. Je, nani alistahili kwenda na Tunu?