Pemba ya Honorine

Wahenga waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kama hawakumwona Casimir wa kiwanda cha vigae, basi walimwota!

Mwaka huo wa hamsini na tatu, Elisabethville, kiwanda kilitafuta rangi ya buluu ya vigae vya kanisa jipya, buluu isiyoyeyuka motoni. Wafanyakazi wawili wakajaribu: Casimir na Floribert. Mshindi angekuwa mkuu wa rangi. Mshindwa angepelekwa mgodini, chini ya ardhi. Honorine, mke wa Floribert, miezi minne tu tangu harusi, hali wala halali. Baba yake aliingia shimo kama hilo asitoke.

Casimir alifinyanga rangi yake kama pembe ndogo, akaitembeza mlango kwa mlango katika mtaa wao wa mjini, uitwao Kenya. Iling'aa kama jicho la paka, maana aliichanganya na chupa ya bia iliyosagwa. Pembe ya Floribert ilikuwa ya kijivu, imefifia kama majivu ya jana. Alisaga jiwe la kobalti na pemba, udongo mweupe wanaopakwa mama wa mapacha, aliopewa na Honorine mwenyewe.

"Weye, Flori!" Casimir akacheka. "Bibi yako amezala mapasa? Pemba haiko ya kazi!"

"Jibu basi, bwana yangu!" Honorine akamfinya mumewe. "Anakuchekelea, na weye unanyamaza?"

Floribert, kimya kama maji ya mtungini, akatabasamu. "Moto njo itajibu, mama."

Siku ya jaribio tanuru liliwashwa alfajiri. Mzee Alexis, fundi wa moto, alikuwa ameshaweka ndani pembe zote mbili, katikati kipimo cha udongo kinachopinda joto likifika kiwango.

"Yenye itaanguka kabla ya kipimo, imeshindwa," alisema.

Saa sita Honorine alileta bukari, ugali wa mumewe, akabaki akichungulia tundu la tanuru hadi bukari ikawa jiwe. Saa nane pembe ya Casimir ikatoa jasho, ikainama kama mlevi anayetafuta kiatu chake, ikawa kidimbwi. Ile chupa iliyoipa mng'aro ndiyo iliyoiyeyusha! Saa kumi kipimo kikapinda. Ya Floribert, wima.

Kesho yake tanuru lilipopoa, Honorine alikuwa wa kwanza kuchungulia: kijivu kilikuwa kimegeuka buluu ya anga baada ya mvua.

Casimir akaanza kukusanya vyombo vyake, akilifikiria shimo la mgodi.

"Tata Alexis," Floribert akasema, "mukubwa wa rangi iko na lazima ya musaidizi. Muniachie Casimir."

"Flori..." Casimir akafuta macho. "Ile pemba, munaitosha wapi? Munaichimba wapi?"

"Uliza bibi yangu. Miye hapana musemaji."

Lakini Honorine hakuwapo tena! Alishatoka mbio, kitenge mkononi, kuitangaza buluu ya mumewe Kenya nzima. Na kila mlango aliobisha, habari ilikuwa imemtangulia. Ama kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.