Pembe Aliyoikunja Mama

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa gani hiyo, kama mmelala njaa? Paukwa!

"Pakawa! Lete tusikie!"

Naleta. Ila atakayelia asifutie machozi kanga yangu.

Hapo kale, kwenye shule ya wanyama, Panya alikuwa na kitabu alichoachiwa na mama yake, kimejalidiwa kwa karatasi ya kaki. Kila jioni Mama alimsomea, na wakichoka alikunja pembe ya ukurasa. "Tutaendelea hapa kesho, mwanangu." Siku moja akakunja pembe, na kesho yake hakuamka. Panya hakuikunjua. Alikifungua kitabu, akaitazama, akakifunga.

Basi Fisi, mkuu wa shule, akaja na gunia la vishikwambi.

"Leteni vitabu, mpewe vishikwambi! Kimoja kina vitabu mia!"

"Shikamoo, Mjomba Fisi. Changu niachie, tafadhali. Alinisomea mama."

"Marahaba. Kisa ni kilekile, mpwa wangu. Gusa hapa tu." Akampokonya.

Panya akagusa. Tii! Kisa kikatokea, kilekile, neno kwa neno. Pembe haikuwepo. Akakizima, akalia.

Mara akasikia huko stoo: kracha, kracha! Akachungulia. Lahaula! Fisi anatafuna migongo ya vitabu! Vitabu vya zamani vilibandikwa kwa gundi ya mifupa, na Fisi na mfupa mnawajua wenyewe.

"Mjomba, mbona unajitesa?" Panya akasema. "Kitabu kimoja, mfupa mmoja. Kishikwambi kina vitabu mia. Si mifupa mia hiyo?"

Mate yakamdondoka Fisi. Akapita madarasani, akavikusanya vyote, hakubakisha hata kimoja. Akang'ata. Kach! Jino. Akang'ata. Kach! Jino. Tamaa haikumwachia, mpaka vishikwambi vyote vikavunjika, likabaki gego moja, naye yuko chini analia, uwiii!

Panya akalirukia lundo la vitabu. Akafukua, akafukua. Akapata jalada la kaki, tupu. Chake ndicho kilichotangulia kuliwa. Kugeuka, akaona kijikaratasi kimenasa kwenye lile gego. Akakichomoa. Ilikuwa pembe ya Mama, bado imekunjwa.

Na mwisho wa kisa je? Wa kitabuni umeliwa. Wa kwenye vishikwambi umevunjwa, na aliyevivunjisha ni yeye mwenyewe. Maskini Panya, hata leo hajui kiliishaje.

Hadithi yangu naitua hapa, mwenye mabega aibebe. Na funzo, wanangu: mwenye akili hapotezi kitu. Haya, itikieni!

Mbona kimya?